Nani Huwajibika Namba 911 Isipojibiwa? Mamlaka ya Jimbo katika Mawasiliano ya Dharura Nchini Marekani

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Aprili 2014, dakika chache kabla ya saa sita, simu za dharura katika jimbo la Washington, lile la pwani ya magharibi ya Marekani na wala si mji mkuu wa nchi hiyo, ziliacha kufika kwa wahudumu. Mwanamke mmoja wa Everett, ambaye mtu alikuwa akivunja ili aingie nyumbani kwake, alipiga 911 mara zisizopungua 37 bila kumpata mtu wa kumsikiliza. Hapakuwa na dhoruba wala tetemeko la ardhi usiku huo. Vituo vya kupokea simu vilikuwa na umeme, wahudumu walikuwa kwenye viti vyao, na simu zao zilikuwa kimya kwa namna ambayo mtu angeweza kudhani ni usiku wa heri.

Hitilafu ilikuwa Englewood, katika jimbo la Colorado, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Everett. Hapo ndipo kampuni ya Intrado ilipokuwa na mtambo wa kuelekeza simu za 911 za majimbo kadhaa, ikifanya kazi hiyo kama mkandarasi mdogo wa CenturyLink, kampuni ya simu iliyokuwa na mkataba na jimbo la Washington. Programu ya mtambo huo ilikuwa ikiipa kila simu namba yake ya pekee kabla ya kuipeleka kwenye kituo husika, na walioiandika walikuwa wameiwekea hesabu hiyo kikomo cha mamilioni ambacho, kwa fikra zao, kilikuwa mbali mno. Usiku ule kikomo kilifikiwa. Programu ikaacha kutoa namba, na simu isiyo na namba haikuwa na pa kwenda. Mtambo ulitoa tahadhari, lakini tahadhari hiyo ilikuwa imepangwa katika daraja la chini, kwa hiyo mafundi hawakuishughulikia kwa uzito uliostahili. Hali hiyo ilidumu kwa takribani saa sita, na ilipokwisha ilibainika kwamba vituo 81 katika majimbo saba, yakiwemo California, Florida na Minnesota, viliguswa, kwamba zaidi ya simu 6,600 hazikufika, na kwamba watu wapatao milioni 11 walikuwa hawana uhakika wa kuifikia huduma hiyo.

Ili kuelewa ni nani alipaswa kujibu kwa hayo, ni lazima kujua jinsi madaraka yalivyogawanywa. Namba 911 haikuanzia katika ofisi ya serikali ya shirikisho. Simu ya kwanza ilipigwa tarehe 16 Februari 1968 katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama, kwa juhudi za kampuni ya simu ya huko huko, na ni mwaka 1999 tu ndipo sheria ya shirikisho ilipoifanya kuwa namba ya dharura ya nchi nzima. Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho, FCC, hugawa masafa ya redio na kuweka masharti kwa kampuni za simu, lakini kazi yenyewe ya kupokea simu na kutuma polisi, zimamoto au gari la wagonjwa ni ya kaunti, miji na majimbo. Serikali ya jimbo imekaa katikati. Haipokei simu nyingi kwa mkono wake, na wala haimiliki masafa, lakini ndiyo inayoshika tozo, mikataba na uwezo wa kuziita kampuni zije zijieleze.

Washington ina ofisi mbili zinazogusa jambo hili kwa njia tofauti, na tofauti hiyo inafaa kuangaliwa kwa makini. Ya kwanza ni ofisi ya kuratibu huduma ya 911 iliyo chini ya Idara ya Kijeshi ya jimbo, huko Camp Murray, ambayo husimamia mtandao wa jimbo zima, huingia mkataba na mtoa huduma, na husaidia kaunti zote 39, hasa zile ndogo zisizo na mapato ya kutosha. Ya pili ni Tume ya Huduma za Umma na Uchukuzi, yenye makamishna watatu wanaoteuliwa na Gavana na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo, ambayo hudhibiti kampuni za simu na inaweza kuchunguza, kusikiliza shauri na kutoza faini. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, kuutenganisha mkono unaonunua na mkono unaoadhibu ni busara kubwa, kwa kuwa ofisi iliyomchagua mkandarasi haiwezi kutegemewa iwe ya kwanza kutangaza kwamba chaguo lake lilikuwa baya.

Baada ya tukio la 2014 shirikisho na jimbo zote zilichukua hatua. Mwaka 2015 FCC ilifikia makubaliano ambayo CenturyLink ililipa dola milioni 16 na Intrado dola milioni 1.4. Mwaka uliofuata Tume ya jimbo iliitoza CenturyLink faini ya takribani dola milioni 2.85. Msomaji atagundua kwamba faini ya jimbo ilimwangukia mwenye mkataba, si mwenye mtambo. Hilo halikutokana na upendeleo. Mamlaka ya jimbo huifuata kampuni inayotoa huduma ndani ya mipaka yake, ilhali programu iliyokwama ilikuwa katika jimbo lingine, mikononi mwa mkandarasi mdogo. Teknolojia ya kuelekeza simu ilikuwa imekwisha kuvuka mipaka, na sheria ya usimamizi ilikuwa bado imebaki nyumbani. Jimbo lililo katika hali hiyo linabaki na nyenzo moja ya kutegemewa, nayo ni mkataba: kueleza humo kwamba mwenye mkataba anawajibika kwa makosa ya kila anayemkabidhi kazi, kwamba vituo vijulishwe kwa muda gani baada ya hitilafu kuanza, na kwamba mtambo wa pili uchukue kazi wenyewe bila kungoja fundi aamke.

Ni kweli kwamba kanuni za shirikisho zilikuwapo. Dhoruba ya upepo ya tarehe 29 Juni 2012 ilikuwa imeathiri vituo 77 na kuvizima kabisa 17, vingi vyao vikiwa kaskazini mwa Virginia, ambako jenereta za akiba za kampuni ya simu hazikuwaka zilipohitajika. Kwa sababu hiyo FCC ilipitisha, mwezi Desemba 2013, masharti ya kuwataka watoa huduma za 911 wathibitishe kila mwaka kwamba wana umeme wa akiba, njia mbadala za kupitisha simu na uangalizi wa kutosha wa mtandao. Miezi minne baadaye ikaja hitilafu ambayo haikuwa na uhusiano wowote na jenereta. Wadhibiti walikuwa wamejiandaa kwa dhoruba iliyopita, na hesabu ya ndani ya programu haikuwamo katika maswali yao.

Washington baadaye ilimpa kazi mkandarasi mwingine, Comtech, lakini kuhama kwenyewe kukazaa tatizo jipya. Tarehe 27 Desemba 2018 mtandao wa CenturyLink ulikumbwa na hitilafu iliyodumu saa 37, wakati baadhi ya vituo vya jimbo vikiwa vimehamia kwa mtoa huduma mpya na vingine bado, na simu moja ikiweza kupita katika mitandao yote miwili kabla ya kufika. Kila upande ulielekeza kidole kwa mwenzake. Shauri lilichukua miaka, na ni mwaka 2023 ndipo Tume ilipoitoza CenturyLink faini nyingine ya zaidi ya dola milioni 1. Kipindi cha makabidhiano ndicho kinachohitaji msimamizi mkali kuliko vyote, na ndicho ambacho kwa kawaida huandikiwa vifungu vichache zaidi.

Upande wa simu za upepo, zile redio za mkononi za polisi na zimamoto, usimamizi una sura nyingine, kwa sababu hapo jimbo mara nyingi ndilo mmiliki. Mfano mzuri ni Minnesota na mfumo wake wa redio wa pamoja uitwao ARMER. Idara ya Uchukuzi ya jimbo inamiliki na kutunza minara, ambayo ni zaidi ya 300. Kaunti na miji hununua redio zao wenyewe. Na juu yao kuna Bodi ya Mawasiliano ya Dharura ya Jimbo, inayoongozwa na Kamishna wa Usalama wa Umma na kuwahusisha wawakilishi wa kaunti, miji, polisi, zimamoto na mataifa ya wenyeji wa asili. Bodi hiyo huamua mambo yanayoonekana madogo, kama vile chaneli ipi itumike wakati vikosi vya kaunti mbili vinapokutana na nani anaruhusiwa kuifunga kwa msimbo ili wengine wasiisikilize. Tarehe 1 Agosti 2007, daraja la barabara kuu ya I-35W lilipoporomokea Mto Mississippi mjini Minneapolis na kuua watu 13, vikosi vya mji, kaunti na jimbo viliweza kuzungumza katika mfumo mmoja, kwa kuwa mabishano ya nani atatumia chaneli gani yalikuwa yamemalizwa mezani miaka kadhaa kabla.

Kuhusu fedha, maelezo ni mafupi lakini yanauma. Huduma ya 911 hulipiwa na tozo inayoonekana katika bili ya simu. Katika Washington, jimbo huchukua senti 25 kwa kila laini kwa mwezi, na kaunti inaweza kuongeza hadi senti 70. Tangu sheria ya mwaka 2008, FCC hupeleka kwa Bunge la shirikisho ripoti ya kila mwaka kuhusu majimbo yanayozitumia tozo hizo kwa mambo mengine, na New York na New Jersey zimetajwa humo mara nyingi. Majimbo hayo hujitetea kwamba fedha zilikwenda kwenye shughuli nyingine za usalama wa umma. Hata utetezi huo ukikubaliwa, mlipaji aliyesoma "911" katika bili yake hakuambiwa hivyo.

Mkazi wa Washington anayezungumza Kiswahili, ambaye simu yake ya dharura imeshindikana, ana haki ileile ya kulalamika kama jirani yake. Tume ya jimbo hupokea malalamiko dhidi ya kampuni za simu na maoni ya wananchi katika mashauri yaliyo mbele yake, na ofisi ya Mwanasheria Mkuu ina kitengo kinachowawakilisha watumiaji katika mashauri hayo bila malipo. Malalamiko yataje tarehe, saa, namba iliyotumika kupiga, mahali mpigaji alipokuwa na kilichosikika, iwe ni mlio wa kuwa na shughuli au ukimya mtupu, kwa sababu ni kwa maelezo ya namna hiyo ndipo wachunguzi hupata njia simu iliyopitia na mahali ilipokwama.