Hapana, kijiko chako hakikutoka Titanic

Nimetumiwa picha nyingine. Kijiko cha chai, fedha ya juu imeanza kulika, mpini una kibendera chenye nyota na mkia uliogawanyika kama wa mbayuwayu. Chini ya picha, kwa kujiamini kabisa: "Cha Titanic. Kipo kwenye familia tangu zamani." Nimeshaacha kuhesabu ni cha ngapi.

Haya, tuelewane. Kile kibendera ni cha kampuni iliyomiliki Titanic, White Star Line. Si cha meli. Kampuni ilikuwa na meli tele, na vyombo vya mezani vilizunguka. Sahani zikipungua huku zinaletwa za kule. Meli ikistaafu, vinavyofaa vinahamia kwingine na vilivyobaki vinapigwa mnada. Titanic yenyewe iliondoka Southampton tarehe 10 Aprili 1912, na usiku wa tarehe 14 ikagonga barafu. Hesabu mwenyewe ni abiria wangapi walipata nafasi ya kuondoka na kijiko. Meli dada yake, Olympic, ilifanya kazi tangu 1911 hadi 1935, kisha mapambo na samani zake zikauzwa mnadani. Na vile vilivyoopolewa chini ya bahari viko chini ya usimamizi wa mahakama ya Marekani kama mkusanyo mmoja. Kampuni iliyoviopoa imeuza vipande vya makaa ya mawe, basi.

Hadithi za familia sizidharau. Babu alikuwa baharia wa kampuni hiyo kweli, akabadilisha meli mara tano, ila wajukuu wanajua jina moja tu.

Sasa linalonikera zaidi. "Lakini sahani yangu ina namba chini, nimeitafuta, ni ya kabla ya 1912!" Namba inayoanza na "Rd No" ni ya kusajili ubunifu wa umbo au nakshi. Haisemi sahani ilitoka tanurini lini. Nakshi ikipendwa, kiwanda kinaendelea kuitengeneza miaka na miaka kwa namba ileile. Ni sawa na kukadiria umri wa shati kwa mwaka ambao fundi alibuni mshono wake. Namba inakwambia sahani haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Imekomea hapo. Na hata mwaka wenyewe ukiwa umechapwa, utajua lini imetengenezwa, hutajua ilipanda meli gani.

Wengine wanakimbilia jina: "Yangu imeandikwa jina la meli." Hongera, huenda ilikuwa ya kuuza. Vijisahani vya majivu, riboni na vipambo vyenye jina la meli viliuzwa humo ndani kama ukumbusho, mara nyingi kwenye duka la kinyozi. Vilivyokaa mezani kwa kawaida vilibeba nembo ya kampuni. Kwa hiyo kuna kilichotumika melini, kilichouzwa melini, na kilichotengenezwa juzi. Kundi la tatu ndilo kubwa. Nimewahi kuletewa filimbi ya shaba ya "Titanic" yenye maneno Cunard White Star. Cunard na White Star zilikuwa kampuni mbili, na ziliungana 1934.

Postikadi: baada ya ajali zilichapwa nyingi zenye jina la Titanic na picha ya Olympic. Tazama sitaha ya matembezi ya juu, sitaha A. Titanic nusu yake ya mbele imezibwa kwa madirisha. Ya Olympic iko wazi mwanzo hadi mwisho. Kadi ni ya zamani halali, ila meli siyo.

Karatasi mimi huipeleka gizani na kuimulika kwa taa ya urujuanimno. Karatasi nyingi za baada ya Vita Vikuu vya Pili zina kemikali za kuzing'arisha, zinawaka kama shati jeupe kwenye disko. Menyu ya 1911 ikiwaka hivyo, mrudishie mwenyewe. Isipowaka? Hapo ndipo wauzaji hunyamaza, maana haijathibitisha kitu. Mghushi mwenye akili hukata kurasa tupu za vitabu vya zamani akachapa juu yake. Ninayo menyu niliyoinunua kwa shangwe. Haikuwaka, wino wake chini ya lenzi hauna neno, mikunjo ipo panapotakiwa. Lakini pembe zake nne zimechakaa sawasawa mno. Hakuna mtu anayeshika menyu kwa haki kiasi hicho. Nimeitoa kwenye fremu. Sijaiuza, sijaitupa.

Mwenye kijiko: kigeuze, upige picha alama za nyuma ya mpini, karibu, bila flashi. Viwanda vya vijiko kama Elkington viliweka herufi inayoonyesha mwaka wa kutengenezwa. Ikitokea ni ya baada ya 1912, mjadala umeisha, ila usikisugue kwa dawa ya kung'arisha na usikitupe. Kikiwa cha miaka ya Olympic ningekinunua mimi.