Ruta iliyokaa bure nayo inakula umeme
Kwenye steshenari za Mwanjelwa, Mbeya, utasikia: "Usiku ruta haili umeme, si hakuna anayeitumia?" Hoja inavutia, ila si kweli. Ruta iliyokaa bure hula umeme karibu sawa na ile inayopakua filamu. Kifaa cha wati 10 kikiwaka saa 24 kwa siku 30 kinamaliza uniti 7.2 za LUKU, mtu aingie mtandaoni asiingie.

Chanzo kimojawapo ni waya. Kebo ya shaba ya mtandao, yenye kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde, kwa kawaida haikai kimya hata data isipopita: vifaa vya pande mbili hutumiana ishara tupu mfululizo ili visipotezane. Mwaka 2010 ulipitishwa utaratibu wa IEEE 802.3az (IEEE ni taasisi ya wahandisi inayoweka viwango vya mitandao), unaoruhusu muunganisho usinzie data inapokosekana, kisha uamke kufumba na kufumbua. Sharti pande zote mbili ziwe nao. Ukichomeka swichi ya mtandao (kiboksi cha kuunganisha kebo kadhaa) ya zamani upande mmoja, basi tena, hakuna kusinzia.

Faiba, yaani kebo inayopitisha data kwa mwanga, nayo isikudanganye. Mwanga wenyewe hutaka umeme kidogo. Walaji wakubwa ni chipu za kile kiboksi cha ukutani, na hizo hazijui kama umeshafunga duka.