Taj Mahal si Mhindi, wala hakuikimbia bluzi

Nafundisha gitaa hapa Dar es Salaam. Mwanafunzi akifika kwenye bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, nampa mwanamuziki Taj Mahal amsikilize wiki nzima kabla hajagusa uzi. Wiki ikiisha anarudi na maneno yale yale waliyorudi nayo wenzake. Mwezi huu nimeyasikia mara tatu, na wa tatu alikuwa mtu mzima aliyenifungulia simu anisomee ushahidi. Nimeona niyaandike, ili mwingine akija nimpe asome na mimi ninywe chai.

Nianze na jepesi. "Mwalimu, huyu Mhindi alijifunzia wapi bluzi?" Si Mhindi. Ni Mmarekani mweusi aliyezaliwa Harlem, New York, Mei 1942, akapewa jina la baba yake, Henry Saint Clair Fredericks, na akakulia Springfield, Massachusetts. Taj Mahal ni jina alilojipa ujanani baada ya kujiwa na ndoto za Gandhi na India. Basi.

Linalonipandisha presha ni hili: "Zamani alikuwa mtu wa bluzi kwelikweli, halafu akaiacha akawa anaokoteza. Mara rege, mara Hawaii, mara Mali, mpaka taarabu ya Unguja."

Anayesema hivyo ana picha moja kichwani: mzee wa Mississippi barazani, gitaa limechakaa, shamba la pamba nyuma yake. Asiyefanana na mzee huyo anahesabiwa mgeni, na akipiga kitu kingine anahesabiwa msaliti. Haya, tumwangalie mtu mwenyewe. Baba yake alikuwa mpiga piano na mpangaji wa muziki wa jazi, mwenye asili ya visiwa vya Karibi. Mama yake, mwalimu aliyetoka South Carolina, aliimba nyimbo za injili. Sebuleni palikuwa na redio ya masafa mafupi iliyonasa muziki wa nchi za mbali. Taj alipokuwa na miaka 11 baba alifariki katika ajali ya trekta. Mama akaolewa tena, na baba wa kambo alikuwa na gitaa. Kijana akalidaka akiwa na miaka 13 hivi, na aliyemwonyesha bluzi ni jirani wa rika lake, familia yake imehamia kutoka North Carolina.

Sasa pangeni wenyewe kipi kilitangulia. Jazi, injili na Karibi alivikuta ndani ya nyumba. Bluzi ndiyo iliyobisha hodi baadaye, sauti ikiwa imeshaanza kumkwaruza.

Na miaka yenyewe haikubali hadithi ya kuacha. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1968, ina nyimbo za wazee wa bluzi kama Robert Johnson na Sleepy John Estes. Mwaka 1971 akatoa albamu ya jukwaani akiwa na wapiga tuba wanne, yale matarumbeta makubwa ya sauti nzito. Tuba nne kwenye bluzi! Mwaka 1974 akatoa Mo' Roots, iliyojaa rege, na ndani yake mna wimbo wa Bob Marley. Kutoka 1968 hadi 1974 ni miaka sita. Hao wanaoililia "bluzi yake safi ya zamani" wanalilia kipindi kifupi kuliko masomo ya baadhi ya wanafunzi wangu.

Kwa asiyeniamini nina zoezi. Chukua Kulanjan, ya 1999, aliyorekodi Athens, Georgia, na Toumani Diabaté na wenzake waliotoka Mali. Sikiliza wimbo wa kwanza, Queen Bee, mara tatu. Mara ya kwanza fuata kora, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, peke yake. Mara ya pili fuata sauti. Mara ya tatu usisikilize kitu kingine ila kidole gumba chake kwenye nyuzi nene. Taj hudonoa kwa gumba na kidole cha kati, wakati wengi hutegemea cha shahada, na gumba ndilo linalobeba wimbo. Hapo ndipo bluzi ilipo. Wanafunzi wangu wamechoka kunisikia nikisema gumba kwanza, na nitaendelea kusema. Mtu anakuja ameshapakua kwenye simu picha za kodi 40 za gitaa, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, gumba lake limelala kama mgonjwa.

Ndiyo maana Unguja hakupotea. Mwaka 2005 ilitoka Mkutano, albamu aliyofanya na Culture Musical Club, kikundi cha taarabu cha tangu 1958. Taarabu ile haisimami juu ya kodi za gitaa. Wapiga kanuni, udi na fidla hukimbiza mstari mmoja wa sauti, kila mmoja akiupamba kwa namna yake. Mpiga gitaa ambaye bluzi yake yote ni kodi tatu za kukaririshwa angekaa pale akitazama dari. Mwenye gumba linalotembea na sikio lililozoea kujibu mwimbaji ana pa kuketi. Inaniuma kidogo kwamba Wazungu wanaijua albamu hii kuliko watu wa Kariakoo.

Yaliyobaki ni ya haraka.

"Wimbo wa Statesboro Blues aliiga kwa Allman Brothers," ile bendi ya roki ya Marekani. Kinyume chake. Wimbo ni wa Blind Willie McTell, wa 1928. Taj aliurekodi kwenye albamu ile ya 1968, gitaa la kuteleza, la kutelezesha kitu kigumu juu ya nyuzi, likipigwa na Jesse Ed Davis, na kwa kusikia hapo ndipo Duane Allman wa bendi hiyo alipochochewa kujifunza kuteleza.

"Kwenye filamu walimweka pambo tu." Katika Sounder, ya 1972, kuhusu familia ya wakulima maskini Louisiana miaka ya 1930, aliigiza kama Ike na muziki wote wa filamu akautunga yeye. Akarudi kwenye sehemu ya pili, 1976. Mwaka 1991 alitunga muziki wa Mule Bone, mchezo wa Langston Hughes na Zora Neale Hurston, ulipopelekwa Broadway, kwenye kumbi za maigizo za New York.

"Amekwisha." Mwaka 2022 alitoa albamu na Ry Cooder, mwenzake wa bendi ya Rising Sons miaka ya 1960, ya kuwaenzi wanabluzi Sonny Terry na Brownie McGhee. Ikapata tuzo ya Grammy ya bluzi ya asili. Ana miaka zaidi ya 80.

La mwisho ni la wazazi: "Huyo aliacha shule akafuata muziki, usimfundishe mwanangu hayo." Alisoma kilimo na ufugaji Chuo Kikuu cha Massachusetts, na bendi aliianzisha hukohuko chuoni. Akiwa na miaka 19 alikuwa msimamizi wa shamba la maziwa, anaamka saa kumi alfajiri, anakamua ng'ombe kati ya 35 na 70 kwa siku. Mama mmoja nilimweleza hayo kwenye simu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ada ninayotoza imejumuisha na ng'ombe.