Je, wajua kwa nini bunduki ya pini haipasui mbao inayopasuliwa na nyundo?

Chukua kipande chembamba cha mninga, upana wa vidole viwili na unene wa milimita 8, kile cha kutengenezea fremu ya picha. Simamisha msumari wa inchi moja na nusu karibu na ncha yake, uanze kugonga. Pigo la tatu au la nne utasikia mlio mdogo, mkavu, na ufa utakuwa umeshakimbia hadi katikati ya kipande. Sasa chukua kipande kingine kilichokatwa kwenye ubao uleule, upige bunduki ya pini, ile inayopiga visumari vyembamba kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa, mahali palepale. Tap! Pini imezama na mbao ni nzima.

Nilipoanza useremala wa kujifurahisha, jioni na siku za mapumziko, kwenye kibaraza cha nyumbani, nilidhani siri ni kasi ya mashine. Kasi inachangia, lakini si jibu lenyewe. Na jibu lenyewe likishakukaa kichwani, hutahangaika tena dukani ukichagua bunduki, wala hutapiga pini kumi mahali panapotosha mbili.

Tuanze na mbao. Mbao haiko kama kipande cha chuma ambacho nguvu yake ni ileile kila upande. Ni fungu la nyuzi ndefu zilizolala pamoja na kushikana. Kuzikata kwa kukingama ni kazi. Kuzitenganisha kwa urefu wake ni rahisi. Kila aliyepasua kuni analijua hilo: shoka hulipigi ubavuni mwa gogo, unalipiga kichwani, na gogo linafunguka lenyewe. Msumari wa kawaida una ncha kali, na ncha kali ndani ya mbao ni kabari. Haikati nyuzi, inazisukuma kando, na kila pigo la nyundo linaingiza kabari ile ndani zaidi. Zaidi ya hapo, mkono wa binadamu haupigi wima kila mara. Nyundo ikienda mshazari kidogo, msumari unayumba, na kuyumba kule kunaupanua ufa kama mtu anayefungua mlango kwa mtaimbo.

Mafundi walilijua jambo hili kabla ya mashine yoyote. Ndiyo maana utamwona seremala mzoefu akiugeuza msumari kichwa chini, akaigonga ncha kwa nyundo mpaka iwe butu, ndipo aupigilie. Ncha butu haipenyi katikati ya nyuzi; inazivunja na kuzishusha chini, kwa hiyo haisukumi pembeni sana. Waunda majahazi wa pwani yetu nao wana njia yao: mbao hutobolewa kwanza kwa keke, ndipo msumari unaingia kwenye njia iliyokwisha kufunguliwa. Hakuna mwenye akili atakayepigilia msumari mnene kwenye ubao mgumu wa chombo cha baharini bila kutoboa.

Bunduki ya pini inafanya jambo hilohilo kwa njia nyingine: pini yake ni nyembamba mno. Msumari wa kawaida wa inchi 2 una kipenyo cha karibu milimita 2.8. Pini ya geji 18, ambayo ndiyo inayotumiwa sana na watu wa useremala mdogo, ni kama milimita 1.25 kwa 1. Ukipiga hesabu ya eneo, msumari unadai nafasi mara tano ya ile inayodaiwa na pini. Nyuzi zikiombwa kusogea kidogo namna hiyo, zinasogea na kurudi kubana. Zikiombwa mara tano yake, zinaachana.

Hapa niseme neno kuhusu geji, yaani kipimo cha unene wa waya unaotengenezewa pini, maana huwachanganya wengi: namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba. Geji 16 ni mnene kuliko 18, na 23 ni mwembamba kama sindano ya kushonea. Hesabu hii inatokana na kazi ya kuvuta waya. Waya huvutwa kupita kwenye tundu, kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi tena. Na ule uliopitishwa mara nyingi ndio uliopewa namba kubwa.

Ncha ya pini ya geji 18 nayo iangalie vizuri, ukiwa na kioo cha kukuzia. Haijachongwa kama ncha ya sindano. Ina makali yaliyolala kama ya patasi, na makali hayo yanafuata upande ambao safu ya pini imelala ndani ya bunduki. Maana yake ni kubwa kwenye kazi. Unapopiga kwenye ukingo wa ubao, ishike bunduki ikingame na ubao, usiilaze kufuata urefu wake. Ikikingama, makali yanakata nyuzi. Ikilazwa na nyuzi, makali yanapenya katikati yake kama shoka la kuni, na mbaya zaidi pini ikipotoka itapotokea upande wa uso wa ubao, ichomoze nje. Nilijifunza hilo kwa kisanduku cha vikolezo nilichomtengenezea mama: pini mbili zilitoka ubavuni, moja sentimita moja tu kutoka kidole changu cha shahada. Tangu siku hiyo, kabla ya kupiga natazama kwanza nyuzi, halafu natazama vidole.

Lakini swali lililobaki ndilo zuri zaidi. Kama pini ni nyembamba hivyo, na kichwa chake ni kidogo kiasi cha kutoonekana, inashika nini?

Kusema kweli, inashika kidogo tu. Kinachobeba kazi ni gundi. Pini ni mkono wa tatu: inashikilia vipande viwili mahali pake hadi gundi ikauke, kisha inabaki mle ndani bila kazi kubwa.

Historia yenyewe inathibitisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya Howard Hughes huko California ilianza kuunda ndege kubwa ajabu ya mbao, H-4 Hercules, kwa kuwa aluminiamu ilikuwa inahitajika vitani. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni zaidi ya mita 97. Iliundwa kwa tabaka nyembamba za mbao, nyingi zikiwa za mti wa betula, zilizogandishwa kwa gundi. Misumari midogo ilipigiliwa ili kubana tabaka hizo gundi ikikauka. Gundi ilipokauka, misumari iling'olewa. Ndege ile iliruka mara moja tu, tarehe 2 Novemba 1947, kwa umbali wa karibu kilomita moja na nusu tu kwenye bandari ya Long Beach, na leo imehifadhiwa McMinnville, Oregon. Mhandisi Morris Pynoos, aliyefanya kazi kwenye mradi huo, ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa bunduki ya misumari, na ya kwanza ya upepo iliingia sokoni mwaka 1950 kwa kazi ya sakafu za nyumba. Napenda sana habari hii. Chombo kinachoonekana kama cha nguvu kilizaliwa pale ambapo msumari ulikuwa mtumishi wa gundi.

Kasi nayo inaingia hapa. Ukibonyeza kifyatulio, vali inafunguka, hewa iliyoshindiliwa inaisukuma pistoni, na ulimi mwembamba wa chuma unaisukuma pini hadi mwisho kwa pigo moja, haraka kuliko kupepesa jicho. Shinikizo la psi 90 ni kama kilo 6 juu ya kila sentimita mraba, kwa hiyo hata pistoni yenye kipenyo cha sentimita 3 inasukumwa kwa zaidi ya kilo 40. Kipande chako hakipati muda wa kuhama. Jaribu kufanya hivyo kwa nyundo juu ya gundi mbichi, ambayo inateleza kama bamia: kila pigo linasogeza kona yako nusu milimita, na unahitaji mikono miwili kwa msumari na nyundo kabla hujapata wa kushika kazi. Kwa bunduki, mkono mmoja unapiga na mmoja unashika.

Ukiyajua hayo, kuchagua ni rahisi. Chagua pini nyembamba kuliko zote itakayoshikilia mpaka gundi ikauke. Kwa fremu, visanduku, droo ndogo, rafu nyepesi na urembo wa milango, geji 18 inatosha, nami ningemshauri mtu anunue hiyo kwanza. Madukani nyingi zinaitwa F30, ikimaanisha zinapiga pini hadi za milimita 30. Geji 23 haina kichwa kabisa na tundu lake halionekani hata kabla ya rangi, lakini inashika kidogo mno; itumie kwa mapambo membamba, na upige mbili mbili zikielekeana mshazari ili kipande kisichomoke. Geji 16, ambayo mara nyingi huitwa T50, ni ya kazi nzito kama fremu za milango, na hapo ndipo hatari ya kupasua mbao nyembamba inaporudi. ST64 iache dukani, hiyo ni ya misumari ya zege.

Bunduki wanayoitumia mafundi wa sofa wa Keko, Dar es Salaam, au wa Gikomba, Nairobi, ni jamaa yake lakini si hiyo. Ile inapiga pini za umbo la U kwa ajili ya kitambaa. Hata hivyo ina nafasi kwenye useremala: kwa hadibodi ya mgongo wa kabati, pini ya U ni bora, maana mgongo wake unaikandamiza hadibodi, wakati pini nyembamba ingepenya ikatokea upande wa pili.

Mbao nazo zina tabia zake. Paina inapokea pini bila manung'uniko, na kazi ni kupunguza shinikizo ili zisizame kupita kiasi. Mninga na mvule zinakubali vizuri. Mkongo uliokauka sawasawa unaweza kukunja pini njiani. Mpingo usiujaribu kabisa: ni mti mzito unaozama majini, na kwake kuna keke na gundi tu. Anza na psi 70 kwenye kipande cha kutupa cha mbao ileile, kisha panda taratibu hadi pini izame milimita moja chini ya uso. Tundu hilo utalijaza kwa nta au unga wa mbao uliochanganywa na gundi.

Mashine ya upepo, yaani kompresa inayoshindilia hewa, haihitaji kuwa kubwa. Bunduki ya pini inakunywa hewa kidogo kidogo, si kama ya kupulizia rangi inayovuta bila kupumzika, kwa hiyo tangi la lita 24 linatosha kabisa kwa kibaraza. Lakini sisi tunaoishi pwani tuna adui mmoja asiyesikika: maji. Hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa imejaa mvuke. Ukiishindilia kwenye tangi hadi bar 8, yaani karibu psi 116, hewa ya lita zaidi ya 200 inabanwa kwenye lita 24, na mvuke usiopata nafasi unageuka maji. Kwa nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 80, nimepiga hesabu nikapata karibu kijiko kimoja cha chai kila tangi linapojazwa kutoka mwanzo. Maji hayo yanalila tangi kwa kutu kutoka ndani, usione kitu, na tangi lililoliwa linaweza kupasuka. Chini yake kuna kizibo cha kutolea maji. Kifungue kila umalizapo kazi, uache mlio uishe na matone yakauke. Bunduki yenyewe itie tone moja au mawili ya mafuta ya vifaa vya upepo kwenye tundu la kuingizia hewa kabla ya kuanza. Mafuta mengine huziharibu raba za ndani.

Kuna kosa moja la hatari kuliko yote. Umeme umekatika, jirani ni fundi wa kuchomelea, na mtungi wake wa oksijeni uko pale umejaa. Usiunganishe! Oksijeni ikikutana na mafuta ndani ya bunduki inalipuka mkononi mwako. Hewa ya kawaida peke yake, basi. Vaa miwani, ziba masikio, na chomoa mpira wa hewa kila pini inapokwama kabla hujaigusa. Baadhi ya hizi F30 hazina kizuizi puani, zinafyatuka hata zikiwa hewani, kwa hiyo usizunguke nazo kidole kikiwa kwenye kifyatulio. Kuhusu vidole vinavyoshika kazi, kanuni ni ya hesabu: pini ya milimita 30 haiwezi kuchomoza mbali zaidi ya milimita 30. Weka vidole mara mbili ya hapo.

Kama bado huamini habari ya gundi, fanya jaribio hili, halichukui mbao nyingi. Unganisha vipande viwili vya paina, ubapa kwa ubapa, kwa pini mbili bila gundi. Unganisha vingine viwili kwa gundi nyeupe ya mbao na pini mbili zilezile, uviache hadi kesho yake saa kama hizo. Vile vya kwanza utavitenganisha kwa mikono, na pini zitabaki zimesimama. Vile vya pili vitie patasi kwenye kiungo, ugonge kwa nyundo. Vitakapoachia, tazama mahali vilipovunjikia: mara nyingi ni ndani ya mbao yenyewe, na gundi itakuwa imeng'ang'ania nyuzi za upande wa pili.