Presha, sukari na SHA: maswali ya foleni ya Jumanne

Mimi ni afisa wa kliniki katika kituo cha afya kaunti ya Kisumu, ingawa kwenye foleni sote tunaitwa daktari. Jumanne ni siku ya presha na sukari, na haya ndiyo ninayoulizwa.

Daktari, kweli naonwa bure?

Ndiyo, mradi umejisajili na SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, inayosimamia bima ya afya ya serikali) na umeenda zahanati au kituo cha afya cha serikali, yaani ngazi ya 2 au ya 3. Hapo serikali ndiyo inayolipa, kupitia Hazina ya Afya ya Msingi, hata kama hujatoa mchango. Hujajisajili? Bonyeza *147#.

Na zile shilingi 300 kwa mwezi?

Huo ndio mchango wa chini kabisa wa SHA (aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75), nao ni wa matibabu ya hospitali, ngazi ya 4 kwenda juu. Usiuache kwa kuwa zahanati ni bure. Sukari ikishafika kwenye figo, zahanati haina mashine ya kusafisha damu.

Naambiwa dawa hakuna, nikanunue. Bure gani hiyo?

Hili huulizwa kwa hasira, na sina utetezi. Dawa zikiisha, aliyeambiwa ni bure ndiye anayetoa pesa mfukoni. Omba uandikiwe jina la dawa yenyewe, kwa mfano amlodipini, si la kampuni. Mara nyingi utapata ya bei nafuu. Ila usikae bila.

Nikijisikia vizuri nipumzishe dawa?

Mama mmoja kutoka upande wa Ahero alifungua pindo la leso akanionyesha vidonge vinne. Vya mwezi mzima vilikuwa vimegawanywa: vingine alimpa jirani aliyezidiwa matangani, vingine alivikata nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Mashine ikasoma 190 kwa 110, juu mno. "Lakini kichwa hakiniumi, daktari." Ndiyo shida ya presha, mama: haiumi. Inatafuna mishipa ya moyo, figo, macho na ubongo kimyakimya, na kidonge kinaizuia siku ile tu uliyokimeza. Kujisikia vizuri hakumaanishi umepona. Na jirani apimwe, apewe zake.

Daktari wa familia tutampata lini?

Chuo Kikuu cha Moi kinawafundisha madaktari hawa, waliobobea katika kutibu familia nzima, tangu 2005, lakini bado ni wachache. Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 inataka zahanati na vituo viungwe na hospitali moja, vihudumiwe na timu moja. Kwa sasa chagua kituo kimoja karibu nawe, ushikamane nacho. Mhamasishaji wa afya wa mtaani kwenu ana mashine ya presha na ya sukari mkobani. Mwite akupime, namba aziandike kwenye lile daftari lako la kliniki. Na ukihama Kondele kwenda Nyalenda, tafadhali usiliache kwa mwenye nyumba pamoja na ndoo.