Elektroliti kali na elektroliti dhaifu: tofauti iko wapi?

Elektroliti ni kampaundi ambayo ikiyeyuka majini hutoa ioni, yaani chembe zenye chaji, na ioni hizo ndizo zinazopitisha umeme. Sukari huyeyuka vizuri tu, ila haitoi ioni, kwa hiyo haimo. Ukali na udhaifu hutegemea jambo moja: katika kile kilichoyeyuka, ni kiasi gani kimegeuka ioni?

Chukua bika mbili, moja ina asidi hidrokloriki na nyingine asidi asetiki, zote kwa ujazo sawa na moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya chembe). Tumbukiza elektrodi zilizounganishwa na betri na balbu. Kwenye asidi hidrokloriki balbu inawaka vizuri. Kwenye asetiki mwanga ni hafifu, pengine hauonekani kabisa. Asidi hidrokloriki imegawanyika yote, na pH yake (kipimo cha uasidi; namba ikiwa ndogo, ioni za hidrojeni ni nyingi) ni 1. Kwa asetiki, katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, ni molekuli 13 hivi tu kati ya 1,000 zilizogawanyika, na pH ni kama 2.9. Zilizobaki hazijakaa kimya: kila wakati kuna zinazoachana na nyingine zinazoungana tena, kwa kasi ileile. Hali hiyo huitwa msawazo.

Chumvi nyingi ziko kwenye kundi la kali, pamoja na hidroksidi ya sodiamu na asidi nitriki. Amonia na asidi kaboniki ni dhaifu.

Wengi huchanganya udhaifu na kuzimuliwa. Asidi hidrokloriki uliyoiongezea maji mengi itawasha balbu kwa shida, kwa kuwa ioni ni chache, lakini bado ni elektroliti kali. Asetiki nayo, ukiizimua hadi moli 0.001 kwa lita, hugawanyika zaidi, kufikia asilimia 12 hivi, na bado ni dhaifu. Hata kloridi ya fedha, ambayo karibu haiyeyuki, huhesabiwa kali: hicho kidogo kinachoyeyuka huwa ioni.

Kinachowashangaza wanafunzi zaidi ni hiki: ukizichanganya asidi zile mbili na hidroksidi ya sodiamu mpaka zibatilike, yaani asidi yote iishe, kila moja itahitaji kiasi kilekile. Ioni za hidrojeni zikitumika, molekuli za asetiki zilizokuwa nzima huendelea kugawanyika kuziba pengo, mpaka zote ziishe.