Chaguo la Pili Halimpunguzii Mtu Wako wa Kwanza

Imetokea tena. Mama mmoja wa Bukavu, uraia wake wa Marekani bado wa moto, amenionyesha karatasi ya kura ya mazoezi: kiduara kimoja kimejazwa, safu ya kwanza, basi. “Mwalimu, nikimpa mwingine nafasi ya pili, si nitampunguzia nguvu mtu wangu?” Nikavuta pumzi. Swali hili nimeacha kulihesabu.

Hapa Portland, ile ya jimbo la Maine na si ya Oregon, meya tunamchagua kwa kupanga wagombea, huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu, tangu 2011, mwaka ambao watu 15 waliutaka umeya kwa mpigo. Siku hizi madiwani nao ni hivyo hivyo. Mwenye zaidi ya nusu ya chaguo la kwanza ameshinda. Asipopatikana, wa mkiani anatolewa, karatasi zake zinahamia kwa jina linalofuata, na hesabu inaanza upya.

Sasa nisikilizeni. Chaguo lako la pili haliguswi mpaka mtu wako wa kwanza awe ametolewa. Ametolewa! Utampunguzia nguvu gani mtu ambaye keshakwenda nyumbani? Sisi wa Mwanza tunamtuma mtoto sokoni: lete sato, ukikosa sato lete sangara. Kutaja sangara hakumalizi sato sokoni. Ila ukisema sato tu, na sato hakuna, mtoto atarudi na kikapu kitupu. Na wewe unayejaza jina lile lile safu zote, umemwambia mtoto “sato” mara tano. Inahesabiwa mara moja.

Kikapu kitupu si mzaha. Novemba 2021, kiti kimoja cha diwani wa mji mzima: baada ya wengine kutolewa, Brandon Mazer na Roberto Rodriguez walibaki na kura 8,529 kila mmoja. Sawasawa! Majina yakatiwa kwenye bakuli, likatoka la Mazer. Kisha kura zikahesabiwa upya, akashinda Rodriguez. Mimi nawaza zile karatasi zilizoishia njiani kwa sababu mwenyewe aliogopa kujaza safu ya pili. Moja tu ingetosha bakuli libaki jikoni.

Haya, niungame. Ninachoweza kuapa ni kwamba la pili haliumizi la kwanza. La kwanza kuliumiza la pili? Hapo siapi. Burlington, jimbo la Vermont, nao walimchagua meya kwa kupanga wagombea, 2009: Kurt Wright aliongoza raundi ya kwanza, Bob Kiss wa pili, Andy Montroll nyuma yao. Montroll akatolewa, Kiss akashinda umeya. Lakini karatasi zilionyesha kwamba Montroll angepambanishwa na yeyote kati ya hao wawili, mmoja kwa mmoja, angemshinda. Kwa hiyo waliompanga Wright, kisha Montroll, kisha Kiss, waliishia na Kiss. Kumbe wangemtanguliza Montroll kwa wingi wangeambulia nafuu. Mwaka uliofuata mji ukaupigia kura mtindo huo na kuufuta, ingawa baadaye ulirudishwa. Wanafunzi wakiniuliza kama hayo yanaweza kutupata na sisi, nasema ndiyo, halafu natafuta chai.

Mengine haraka. Meya wetu si mkuu wa mkoa: ana kura moja kati ya 9 barazani, na shughuli za kila siku ziko kwa meneja wa jiji anayeajiriwa na baraza. 2022 wapiga kura walikataa kumwongezea meya mamlaka. Na mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu ila bado si raia, asijiandikishe kupiga kura, hata akibembelezwa na nani.

Mama wa Bukavu akafikiri kidogo. “Na kama kuna mtu simtaki kabisa?” Nikamwambia mruke tu, hakuna sheria ya kujaza wote. Akachukua kalamu, akajaza wa pili, akajaza wa tatu, akafika kwa wa nne akaifunika.

“Huyu hapana,” akasema. “Huyu bora mtoto arudi na kikapu kitupu.”